Kutoka kiti cha pweza hadi bakuli la mtindi: maisha ya Metchnikoff

Mwaka jana mamangu alilala hospitali siku tisa kwa sababu ya dawa nilizomnunulia mimi mwenyewe. Nalisema hili mapema ili msomaji wangu asidhani nimekuja hapa kumhutubia mtu.

Alianza na kikohozi cha kawaida tu. Nikaenda duka la dawa, nikaeleza, na kijana aliyekuwa kaunta hakuniuliza karatasi ya daktari wala umri wa mgonjwa. Akanihesabia vidonge vya antibayotiki, nikalipa, nikaondoka. Siku nne zikapita, kikohozi kiko pale pale. Nikarudi, nikapewa vya aina nyingine vyenye nguvu zaidi. Wiki ya pili kikohozi kiliondoka chenyewe, lakini mama akaanza kuharisha. Mara sita, mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, na homa juu. Alipofikishwa wodini midomo ilikuwa imekauka na alikuwa akimwita marehemu dadake.

Daktari aliyempokea, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alinikalisha akanieleza kwa upole kilichotokea. Utumboni mwetu mnaishi bakteria wengi mno, na wengi wao ni majirani wema. Vidonge vyangu viliwafyeka. Eneo lilipobaki wazi, bakteria mmoja mkorofi aitwaye Clostridioides difficile akapata nafasi, akazaana na kutoa sumu inayochoma ukuta wa utumbo mpana. Aliponiona nimeinamisha kichwa, akaongeza kwamba fikra ya kuwa afya ya mtu inategemea wenyeji wa tumbo lake ni ya zamani, na kwamba yuko Mrusi mmoja aliyepata tuzo ya Nobel aliyekuwa akinywa maziwa ya mgando kila siku kwa ajili hiyo. Nikaliandika jina kwenye simu. Usiku, kwenye kile kiti cha plastiki cha wodini, nikaanza kumsoma. Sijaacha mpaka leo.

Elie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 kijijini katika jimbo la Kharkov, ambalo wakati huo lilitawaliwa na Urusi na leo liko Ukraine. Nyumbani aliitwa Ilya Ilyich. Hili la Elie ni la Ufaransa, alikoishi nusu ya pili ya maisha yake ya kazi. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Babake alikuwa ofisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, mtu wa karata na starehe. Mamake, mwenye asili ya Kiyahudi, ndiye aliyeiona akili ya mtoto huyu na kumsukuma kwenye sayansi. Chuo Kikuu cha Kharkov kilikuwa na masomo ya miaka minne. Yeye alimaliza kwa miwili.

La kukumbuka hapa ni kwamba hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na hasa wa viumbe vya baharini ambavyo wavuvi wetu huvitupa wavu unapopandishwa: yavuyavu, sifongo, minyoo ya mchangani, viti vya pweza. Akiwa kijana mdogo alikwenda kisiwa cha Heligoland kwenye Bahari ya Kaskazini, akaenda Ujerumani, na mwaka 1865 akafika Naples, Italia, akawa anachunguza viumbe hivyo pamoja na Mrusi mwenzake, Alexander Kovalevsky. Mwaka huo huo, akimtazama mnyoo bapa kwa hadubini, aliona chakula hakimeng'enywi tumboni mwa mnyoo kama ilivyo kwetu. Kilimezwa na seli zenyewe, kikamalizwa ndani ya seli. Aliliweka kando jambo hilo kwa miaka 17.

Miaka hiyo ilikuwa ya taabu. Mwaka 1869 alimuoa Ludmila Feodorovitch, msichana aliyekuwa na kifua kikuu. Siku ya harusi bibi harusi alibebwa kwenye kiti kuingizwa kanisani, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kutembea. Metchnikoff alikopa, akatafsiri vitabu, akafundisha Odessa na kuandika usiku ili apate fedha za kumpeleka mkewe kwenye hewa ya joto. Macho yake yalimsumbua kiasi cha kushindwa kutumia hadubini. Mwaka 1873 Ludmila akafariki kisiwani Madeira. Mume akanywa afyuni nyingi kwa nia ya kumfuata. Wingi wa dawa ndio uliomwokoa, maana tumbo liliikataa, akatapika. Sisi twajua hukumu ya kitendo hicho na sitaki kukipamba. Lakini sikupenda kukificha pia, kwa sababu huyu ndiye mtu ambaye baadaye aliandika vitabu vya kuwashawishi watu kuwa maisha yafaa kuishiwa mpaka mwisho wake wa kawaida.

Miaka miwili baadaye alioa tena. Olga Belokopytova alikuwa msichana mdogo wa jirani huko Odessa ambaye yeye mwenyewe alimfundisha elimu ya wanyama. Karibu kila tunachokijua kuhusu maisha yake ya ndani kimetoka kwa Olga, aliyeandika historia ya mumewe alipofariki. Naye Olga, mwaka 1880, alishikwa na homa ya matumbo karibu afe. Mume akavunjika moyo mara ya pili. Safari hii alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ile ya kurudiarudia inayoenezwa na chawa, akisema anataka kujua kama ugonjwa huo hupita kwenye damu. Aliugua vibaya, akapona, na waliokuwa karibu naye walisema alitoka kitandani akiwa mtu mwingine, mwenye hamu ya kuishi.

Mwaka 1881 mfalme Alexander wa Pili aliuawa na chuo cha Odessa kikajaa fitina za siasa. Metchnikoff akajiuzulu mwaka uliofuata. Wazazi wa Olga walikuwa wameacha urithi, basi wakachukua wadogo zake Olga, wakaenda kupanga nyumba Messina, kisiwani Sicily, mkabala na bahari.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1882. Siku moja familia nzima ilikwenda sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo. Yeye akabaki nyumbani na hadubini yake. Alikuwa na mabuu ya kiti cha pweza, madogo na maangavu kama kioo, ambayo mtu aweza kuyaona mpaka ndani yakiwa hai. Ndani yake mna seli zinazotembea huku na huku. Akikumbuka yule mnyoo wa zamani, akajiuliza: ikiwa seli hizi zaweza kumeza chakula, mbona zisiweze kumeza adui? Ikiwa ni hivyo, basi mwiba ukichoma mwili wa kiumbe huyu, seli zitaukimbilia kama vile usaha unavyokusanyika kwenye kidole cha mtu aliyechomwa na mwiba.

Alianza kutembea chumbani, akatoka mpaka ufukweni akitafuta utulivu. Bustanini mwao mlikuwa na waridi. Akachuma miba michache, akaiingiza chini ya ngozi ya mabuu yale, na usiku ule hakulala. Alfajiri akatazama. Miba ilikuwa imezungukwa na kundi nene la seli.

Mimi nimekulia karibu na maji. Nimekanyaga viti vya pweza tangu utotoni, tumewarusha, tumewakausha juani kwa ajili ya watalii. Haikunipitikia kwamba ndani ya mnyama huyu asiye na kichwa wala damu kama yetu ndimo ilimosomwa mara ya kwanza namna mwili unavyojipigania.

Fikra hiyo haikupokelewa hivi hivi. Wakati ule madaktari walifundishwa kuwa seli nyeupe za damu ndizo zinazobeba vijidudu na kuvisambaza mwilini, kwa hiyo kuziona na vijidudu ndani yake ilikuwa dalili mbaya. Mjerumani Rudolf Virchow, mkubwa wa elimu ya magonjwa, alipopita Messina mwaka 1883 alimsikiliza, akamtia moyo, lakini akamwonya aende taratibu. Huko Vienna wakampatia jina la Kigiriki la seli hizo, fagosaiti, yaani seli zinazokula. Baadaye akaonyesha jambo lile lile kwa viroboto wa maji waliovamiwa na kuvu: seli zikishinda kuimeza kuvu, kiroboto huishi, kuvu ikishinda, kiroboto hufa.

Mwaka 1886 alirudi Odessa kuongoza kituo cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kilikuwa kipindi kibaya. Madaktari wa mji hawakumtaka kwa kuwa si mwenzao, na jaribio la chanjo ya kimeta lililofanywa yeye akiwa hayupo likaua kondoo kwa maelfu. Akaenda Berlin kwa Robert Koch na vioo vyake vya hadubini, akapokewa kwa ubaridi. Akaenda Paris kwa Louis Pasteur, mzee akampa maabara. Kuanzia 1888 hakuhama tena.

Vita vya kisayansi vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka 20. Wajerumani walishikilia kuwa kinga iko katika maji ya damu, na mwaka 1890 Behring na Kitasato wakapata ushahidi mzito pale walipoponya wanyama wa dondakoo na pepopunda kwa damu iliyochujwa. Metchnikoff alikuwa mtu wa kubishana. Alisimama kwenye mikutano nywele zimetimka, ndevu huku na huku, akapangua hoja moja moja. Hatimaye Almroth Wright na mwenzake, London, mwaka 1903, walionyesha kuwa vitu fulani vya majimaji ya damu huwatayarisha bakteria ili seli ziwameze kwa urahisi. Kumbe pande zote mbili zilishika mkia na pembe za ng'ombe mmoja. Mwaka 1908 tuzo ya Nobel ya tiba waligawana Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich, mtetezi wa upande wa pili.

Sasa nifike kwenye tumbo, maana ndilo lililonileta.

Mwanzo wa miaka ya 1890 kipindupindu kilipiga Ufaransa. Metchnikoff alishangaa kwa nini watu wa mtaa mmoja, wanaokunywa maji mamoja, mmoja hufa na mwingine hata haharishi. Akanywa bakteria wa kipindupindu mwenyewe. Hakuugua. Msaidizi mmoja akanywa, hakuugua. Mwingine akanywa, nusura afe. Huo nauona kuwa ni uzembe mkubwa na leo ungempeleka mahakamani. Lakini maabarani aligundua kitu: akiwaotesha bakteria wa kipindupindu pamoja na bakteria wengine, kuna wanaowazuia wasikue na kuna wanaowapalilia. Akaamua kwamba jibu liko kwa wenyeji wa utumbo. Anayekukuta na majirani wazuri tumboni hapati mahali pa kukaa.

Niliposoma hapo nilimkumbuka yule daktari wa wodini. Alichonieleza kuhusu mamangu kilikuwa ni hicho hicho, miaka zaidi ya 120 baadaye.

Kutoka hapo Metchnikoff alikwenda mbali, na mahali pengine alipotea. Aliamini utumbo mpana ni mabaki ya zamani ambayo mwanadamu hayahitaji, shimo la taka ambamo bakteria huozesha mabaki ya nyama na kutoa sumu kama vile indoli, fenoli na kresoli. Sumu hizi, alisema, huingia kwenye damu, hudhoofisha viungo, na zile seli zake zinazokula hugeuka kuwala wenyeji wao: hula rangi ya nywele mpaka zikawa mvi, hula ubongo na mishipa. Uzee kwake ulikuwa ugonjwa unaoanzia tumboni. Akawachunguza kasuku wanaoishi miaka mingi na utumbo mfupi, akawachunguza popo wakubwa wa matunda akakuta tumboni mwao vijidudu ni haba. Mwaka 1903 alibuni jina la elimu ya uzee, jerontolojia, linalotumika mpaka leo vyuoni.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa rahisi. Maziwa yakigandishwa hayaozi, kwa sababu bakteria wa mgando hutoa asidi inayowazuia bakteria wa uozo. Basi kwa nini tusiwatie hao utumboni? Alisikia kwamba huko Bulgaria wako wakulima wengi wazee sana, nao hula maziwa ya mgando kila siku. Mwaka 1905 kijana wa Kibulgaria aitwaye Stamen Grigorov, akiwa mwanafunzi Geneva, alimtambua kwa hadubini bakteria anayegandisha maziwa hayo. Metchnikoff tayari alikuwa amehutubia Paris mwaka 1904 kuhusu uzee na maziwa haya, na magazeti yakashika moto. Wauza dawa wa Ulaya na Marekani wakaanza kuuza vidonge vya bakteria wa Bulgaria. Akina bibi wa Paris wakapanga foleni kutafuta mtindi ambao nyanya zetu waliutengeneza kwenye kibuyu bila kumwomba mtu Nobel.

Yeye mwenyewe alikunywa kila siku kwa miaka mingi, akaacha kabisa vyakula vibichi. Alionya kwamba hakuahidi muujiza, lakini nani asikiaye onyo la mtaalamu panapokuwa na biashara?

Ushahidi wake wa Bulgaria ulikuwa dhaifu. Umri wa wazee wa vijijini ulitegemea kumbukumbu, na mtu akifikisha 80 ni rahisi kujiongezea 20. Baadaye Leo Rettger wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kuwa bakteria wa Bulgaria hawaweki makazi utumboni mwa binadamu, hupita tu. Na lile wazo la utumbo mpana kuwa shimo la sumu lilileta madhara ya kweli. London, daktari mpasuaji Arbuthnot Lane alianza kuwakata watu utumbo mpana kwa sababu ya kufunga choo tu. Wengine walikufa kwa upasuaji ambao hawakuuhitaji. Metchnikoff hakushika kisu, lakini fikra ilikuwa yake, na nadhani mwandishi wa maisha yake asiyelitaja hilo anamdhulumu aliyekatwa.

Kosa lake kubwa ni kwamba aliuona utumbo mpana kama jaa, kumbe ni shamba. Karibu naye kabisa, katika Taasisi hiyo hiyo ya Pasteur, Henry Tissier alikuwa ameonyesha mwaka 1899 kwamba utumbo wa mtoto anayenyonya umejaa bakteria wa aina moja maalumu, bifido, nao akawatumia kutibu watoto wanaoharisha. Leo twajua maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa mle kwa ajili ya bakteria hao. Mama anapomnyonyesha mwanawe anawalisha wawili.

Hesabu inayokubaliwa sasa ni kwamba mtu mzima hubeba bakteria takriban trilioni 38, kwa seli zake mwenyewe trilioni 30, na wengi wa bakteria hao wako humo kwenye utumbo mpana. Kazi yao huko ni kuchachusha nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, maharagwe na mboga ambazo tumbo letu limeshindwa. Katika kuchachusha hutoa asidi ndogondogo za mafuta, na moja yao, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Japani na Marekani walionyesha kwa panya kwamba asidi hizi huongeza aina ya seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza, zile zinazoiambia kinga isipigane na chakula wala na majirani. Panya aliyelelewa bila bakteria hata mmoja hukua na kinga isiyokomaa. Jeshi lipo lakini halijui nani mgeni na nani mwenye nyumba.

Hata ile indoli aliyoihesabu kuwa sumu ina sura mbili. Baadhi ya vitu vya jamii yake huimarisha ukuta wa utumbo. Lakini mtu ambaye figo zimechoka, mazao ya indoli na kresoli hujaa kwenye damu yake na kumdhuru, kama Metchnikoff alivyohofia. Kwa hivyo siwezi kumwita mjinga. Aliona kwa usahihi kuwa vitu wanavyotengeneza bakteria tumboni huingia damuni na kuamua afya yetu. Alichokosa ni kudhani vyote ni vibaya.

Na jambo hili si la Paris pekee. Kwale hapa, watafiti walichapisha mwaka 2015 matokeo ya watoto wa miezi sita waliopewa uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa virutubisho wenye madini ya chuma. Chuma kilichobaki utumboni kiliwanufaisha bakteria wabaya, na dalili za uvimbe wa utumbo zikaongezeka. Mwaka 2017 utafiti mwingine, Kwale hiyo hiyo, ukaonyesha kuwa unga huo ukitiwa pamoja na sukari inayowalisha bakteria wema, madhara hayo hupungua. Tafadhali mzazi asiache dawa ya damu aliyoandikiwa mtoto wake kwa sababu ya maneno yangu. Upungufu wa damu nao hudhuru ubongo wa mtoto. Nasema tu kwamba watoto wa Kwale wamechangia elimu hii na wengi wetu hatuna habari.

Nikiwa wodini nilisoma pia kuhusu jaribio la Uholanzi la mwaka 2013 kwa wagonjwa wa ugonjwa wa mamangu ambao ulikuwa ukiwarudia mara kwa mara. Kundi moja lilipewa dawa ya kawaida, wakapona 4 kati ya 13. Kundi jingine lilipewa, kwa mpira upitao puani mpaka utumboni, kinyesi kilichochujwa cha watu wenye afya. Walipona 13 kati ya 16 kwa mara ya kwanza tu. Nilimsomea mama. Akaniambia niishie hapo, chakula kinakuja.

Alhamdulillahi hakufika huko. Zile antibayotiki nilizonunua zilisimamishwa, akapewa dawa inayofaa, akapata nafuu. Nilipomuuliza daktari kuhusu mtindi na vile vidonge vya bakteria vinavyouzwa kwa bei kali, alinijibu kuwa mtindi ni chakula kizuri ale akipenda, lakini asiuhesabu kuwa dawa, na kwamba mgonjwa mwenye kinga dhaifu sana hapaswi kumeza bakteria wa kopo bila kumwuliza tabibu. Ushahidi wa vidonge hivyo unategemea aina ya bakteria na aina ya ugonjwa. Huko Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa bakteria mmoja mahususi pamoja na chakula chake, walioambukizwa damu au kufa walikuwa asilimia 5.4, na wasiopewa asilimia 9. Hiyo haina maana kwamba kila kopo la dukani litafanya hivyo.

Miaka ya mwisho ya Metchnikoff ilikuwa na heshima na huzuni. Mwaka 1909 alimtembelea Leo Tolstoy kijijini kwake. Walikuwa na uhusiano wa ajabu: nduguye Metchnikoff, jaji aliyefariki mwaka 1881 huko Tula, ndiye aliyempa Tolstoy mfano wa hadithi yake mashuhuri ya kifo cha Ivan Ilyich. Wazee wale wawili walizungumza kutwa. Mmoja alitafuta maana ya maisha rohoni, mwingine utumboni, na hakuna aliyemgeuza mwenzake.

Vita vya 1914 vilimvunja. Vijana wa maabara walipelekwa mstari wa mbele, kazi ikasimama. Moyo wake, uliokuwa na hitilafu kwa miaka mingi, ukachoka. Alifuatilia ugonjwa wake mwenyewe kama alivyofuatilia viroboto wa maji, akaandika dalili, na akamwomba rafiki yake daktari kwamba akifa wampasue na wautazame vizuri utumbo wake. Alifariki tarehe 15 Julai 1916 hapo hapo Taasisi ya Pasteur. Mwili ulichomwa na majivu yake yamewekwa kwenye chombo katika maktaba ya Taasisi.

Nilimsimulia mamangu haya yote jioni moja barazani, baada ya kurudi nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: huyo mnywaji wa mtindi aliishi miaka mingapi. Nikamwambia 71. Yeye ana 76. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimeshamlipa mwuza maziwa.